Paka Aliyelalia Shati la Saidi

Mwezi uliopita, msibani Muyinga, huku kwetu Burundi, wanawake walikaa mkekani wakasema marehemu alipenda paka tangu utoto wake. Mmoja akasema alizaliwa nayo mapenzi hayo, mwingine akaongeza kwamba hata alipokuwa hawezi kuinuka alikuwa anauliza kama paka wamekula. Msibani mtu hasahihishi watu. Lakini si kweli. Marehemu alikuwa mama mkwe wangu, Bi Mwamini, na zamani akiona paka amesogelea jiko alikuwa anavua kandambili na halengi pembeni. Mapenzi yale yalianza mwaka mmoja, katikati ya vita, na paka aliyeyaanzisha nilimbeba mimi ndani ya kikapu kutoka Gitega. Wajukuu wangu wamenisumbua niandike. Mimi shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ninaandika kama ninavyosema, na asiyependa aache.

Ya ukoo na ya harusi nayaruka. Mume wangu wa kwanza aliitwa Saidi, mtoto wa pekee wa Bi Mwamini, na kazi yake ilikuwa msaidizi wa dereva kwenye malori yaliyoleta mizigo toka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Nchi jirani zilipotufungia mipaka, ule mwaka wa vikwazo, lori lake lilikuwa ng'ambo, au lilikuwa njiani kurudi. Hakuna aliyenipa jibu la kushika mkononi. Hakurudi. Nalisema mapema ili msisome huku mkimngojea. Mimi nilimngoja mwaka ule wote, na ile kazi naijua.

Alikuwa ameniacha Gitega, kwenye mtaa wetu wa Waswahili, katika chumba cha uani kwa Mama Sauda, mjane aliyekaanga maandazi. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo mbili, dirisha la bati linalofunguka kwa kusukumwa na kijiti, na sanduku la Saidi chini ya kitanda, ndani yake mashati matatu. Asubuhi nilikanda unga na Mama Sauda, mchana tuliuza barazani, jioni kila mtu alijifungia mapema kwa sababu ya amri ya kutotembea. Hapo ndipo ubaya ulipoanza. Ugali wa mtu mmoja haupikiki: maji kidogo, unga kidogo, ukigeuka umeshika chini. Nilikula ulioungua miezi mingi. Kupitia ukutani nilimsikia Mama Sauda akisali, kisha akikohoa, kisha kimya, na mimi nakaa kitandani nikiyasikiliza malori ambayo hayakupita. Siku hizi wajukuu wangu wakinipigia simu wananiuliza, "Bibi, uko peke yako?" Nawaambia niko sawa. Mtu aliyeishi chumba kile hababaiki na nyumba yenye redio.

Ng'ambo ya mtaro ilikaa familia moja ambayo asubuhi fulani ilifunga magodoro kwenye baiskeli ikaondoka, mlango wakaufunga, ufunguo hawakumwachia mtu. Haikuchukua muda tukaanza kusikia vilio jikoni kwao. Vidogo, vyembamba, kama mlango unaohitaji mafuta. Mama Sauda alikuwa anageuza maandazi.

"Hiyo iko kilio ya paka," akasema. "Watu wako wanalia nchi muzima, we masikio yako inachagua paka."

"Mi sijasema kitu, Mama Sauda."

"Umeacha kukanda. Hiyo ni kusema."

Nikamaliza kukanda. Kisha nikavuka mtaro, nikapanda dirisha la jikoni lile, nikawakuta ndani ya gunia la makaa: watoto wanne wa paka, weusi kwa vumbi hata rangi zao sikuzijua mpaka nilipowafuta. Mama yao hakuwepo. Macho yalikuwa yamegandana usaha, pua zinatoa kamasi, na matumbo yamevimba kama ya watoto wa kambini. Nikawabeba kwenye kanga. Mama Sauda alipoona akashika kichwa. "Yoo! We Zaituni we! Mume hajulikani iko wapi, unga hakuna, sasa unazaa paka?"

Nilihitaji kitambaa laini cha kuwalaza, na sikuwa nacho. Nikavuta sanduku chini ya kitanda nikatoa shati la Saidi, lile la bluu la mistari, la pamba nzito. Nilikaa nalo kidogo. Kisha nikalitandika ndani ya kikapu, nikaweka kikapu karibu na jiko la maandazi, mahali pa joto lakini mbali na mafuta. "Shati ya mume!" Mama Sauda akasema, safari hii kwa sauti ya chini. Nikamjibu, "Akirudi nitafua."

Watu wanafikiri kulea watoto wa paka ni kuwapapasa. Ni kinyesi na usaha. Chai ya rangi iliyopoa, bila sukari, ambayo hata hivyo haikuwepo, nilichovya humo kitambaa nikayafuta macho asubuhi, mchana na jioni mpaka yakaachana. Maziwa ya mbuzi nilipata kikombe kwa jirani kwa kumpa maandazi yaliyovunjika, nikayachanganya na maji yaliyochemka, nikasokota utambi wa kitambaa wakanyonya utambi ule mmoja mmoja, wengine wakinikwaruza mkono kwa tamaa. Wakishashiba unawafuta tumbo na chini kwa kitambaa chenye unyevu, kama mama yao anavyolamba, la sivyo hawakojoi. Walipoanza kuharisha niliacha maziwa nikawapa maji ya mchele. Walipoanza kuwa na meno nilisaga ndagala, dagaa wetu wa ziwani, nikatia kwenye uji. Viroboto niliwatoa kwa chanuo la meno membamba, nikiwaangamiza kwenye maji ya sabuni, na Mama Sauda amekaa kando anasema hataki kuona uchafu huo, huku ananionyesha: "Pale, nyuma ya sikio, kamoja kanakimbia."

Yule wa kijivu hakupona. Alikuwa anapumua kwa tumbo, utambi anaushika halafu anausahau mdomoni. Nilimweka kifuani ndani ya blauzi wakati wa kukanda, nikafikiri joto litamsaidia, na adhuhuri nikahisi amekuwa mzito. Nilimaliza unga, nikanawa. Mama Sauda ndiye aliyeleta jembe bila kuambiwa. Tukamfukia nyuma ya migomba, yeye akapiga udongo kwa bapa la jembe akasema, "Bon. Wamebaki watatu. Usikae hapo, mafuta inaungua." Na mimi, ambaye sikuwa nimelia tangu habari za mpaka, nililia kwa ajili ya mnyama wa kukaa kiganjani. Nilikasirika nafsi yangu. Hata leo sijui ni nini hasa nililia, lakini nilipofuta uso nilirudi kwenye karai.

Watatu wakakua, na Mama Sauda akatoa hukumu: "Wakianza kuruka karai, wanatoka." Hapakuwa na shida ya kupata wa kuwachukua, kwa maana watu walikuwa wamekimbia mashamba, na panya waliokosa mahindi mashambani walihamia mjini kama wakimbizi wengine. Shida ilikuwa namna ya kuwatoa. Kwetu paka hauzwi, dini haipendi bei ya paka. Lakini hatolewi bure pia. Anayemchukua huleta chumvi kidogo, ya kushika kwa vidole vitatu, na paka hubebwa amefunikwa uso asione njia. Bila hivyo hurudi alikotoka. Wakati mwingine ni desturi nyepesi, nani hana chumvi? Mwaka ule chumvi ilikuwa imepotea. Tulipika maharage yakawa kama udongo, na mtu akiwa na chumvi nyumbani alifunga mlango kabla ya kula.

Wa kwanza, dume la manjano, alichukuliwa na Bwana Karim, Muhindi mwenye duka la mchele. Mke na watoto wake alikuwa amewapeleka Bujumbura, yeye akabaki anakula dukani, sahani juu ya gunia. Aliwaangalia wote watatu kama anayechagua embe. Alipofika kwa yule jike mdogo mweusi, ambaye jicho lake la kushoto usaha ulikuwa umelila likabaki jeupe, akasimama.

"Huyu, mama, ataona nusu ya panya tu."

"Basi mpe nusu ya ghala," nikamwambia.

Alicheka mpaka akakohoa. Nilijua hajacheka siku nyingi, kicheko kilitoka na vumbi. Akachukua wa manjano, akaingia ndani, akatoka na chumvi ndani ya kipande cha gazeti. "Hii ilikuwa ya chakula changu. Leo nitakula hivyo hivyo." Mama Sauda aliipokea kwa mikono miwili. Wa manjano hakurudi hata mara moja, na nilipopita dukani nilimkuta kwenye mizani, analala, Bwana Karim anapima mchele kwa kopo ili asimwamshe.

Wa pili, mwenye madoa, alikwenda kwa Fundi Hamisi, mshonaji, ambaye panya walikuwa wanamlia vitambaa vya watu. Fundi hakuwa na chumvi. Alileta kibunda cha uzi mweupe.

"Uzi si chumvi," Mama Sauda akasema.

"Mama, uzi ni kitu kizuri kuliko chumvi! Chumvi unakula inaisha. Uzi unashona."

"Paka atashona nini? Atarudi."

"Akirudi nanyoa ndevu."

Akamchukua mkononi, uso wazi, akipita anamwonyesha kila baraza kama mtoto aliyefaulu. Kesho yake saa za asubuhi paka akarudi, mkia juu, akapita kati ya wateja akaenda kikapuni moja kwa moja. Mimi nasema alirudi kwa sababu aliiona njia yote. Mama Sauda alisema ni chumvi, na mtaa mzima ulikuwa upande wake. Fundi alikuja anajikuna kidevu, nyuma yake mama yake mzazi, kikongwe, ambaye alikuwa na chumvi kwenye pindo la kanga na anamtukana mtoto wake njia nzima: "Ndevu za nini kama akili hakuna? Chumvi nilikuwa naweka ya mgeni, sasa mgeni ndiye paka!" Safari hii paka alitoka ndani ya mfuko, na hakurudi. Ndevu Fundi hakunyoa. Watu waliulizia ndevu zile muda mrefu, hata siku ambazo hakukuwa na jambo lingine la kuchekesha.

Akabaki mweusi. Alikohoa kila alfajiri, jicho bovu lilitoa maji, alipokimbia aligonga miguu ya vigoda upande wa kushoto. Hakuna aliyemtaka. Nilipompeleka kwa muuza mkaa aliniambia, "Dada, mi naomba paka, we unanipa mgonjwa." Mama Sauda alinikataza kumpa jina, alisema paka mwenye jina hatoki, basi nilimwita We tu. "We, njoo. We, shuka." Alilala kwenye shati lake ndani ya kikapu, na kikapu kilikuwa kitandani sasa, upande wa Saidi. Nilianza kupika ugali wa kutosha, nikibakiza wake na ndagala. Haukuungua tena. Nilipowaambia watu ninamtafutia mahali, nilikuwa natafuta kweli, lakini nilikuwa naondoka haraka kwenye kila baraza kabla mtu hajafikiri vizuri.

Ndipo likaja neno kwamba Muyinga kuna watu wameanza kuvuka toka kambi za Ngara kwa miguu, na wanaleta habari za walioko ng'ambo. Nikaamua kwenda kwa Bi Mwamini. Hatukupendana. Tangu harusi aliniita "yule wa Gitega", na kwa jinsi alivyoona, kama Saidi asingepanga chumba Gitega angekuwa nyumbani siku mpaka ulipofungwa. Mama Sauda alikataa kubaki na paka. "Mi nimezika mume, nimezika yule wa kijivu. Huyu anakohoa. Nenda naye." Nikamweka kikapuni juu ya shati lake, nikafunika kwa kitenge, nikapanda lori la msafara lenye askari mbele, njia ya Karuzi.

Kwenye kizuizi kimoja walitushusha wote. Askari, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, alisukuma kitenge kwa mtutu. "Humu iko nini?" Paka akatoa kichwa, akamtazama kwa jicho lake moja. Yule kijana akasimama. Kisha akawaita wenzake kwa Kirundi waje waone mkimbizi, wakacheka, na mmoja akauliza kama ana kitambulisho. Mzee mmoja kati yetu, ambaye mkoba wake ulikuwa umemwagwa chini, alichukua nafasi ile kuokota vitu vyake kimya kimya. Wakaturudisha juu ya lori.

Bi Mwamini alikuwa uani anachagua mawe kwenye mchele. Hakuinuka.

"Shikamoo, mabukwe," nikamsalimu mkwe wangu.

"Marahaba. Umekuja na habari au umekuja kutafuta?"

"Nimekuja kutafuta."

"Basi tuko sawa. Hapa hakuna." Akaona kikapu kinatikisika. "Na hiyo?"

"Ni paka."

Mkono ukaenda kwenye kandambili. "Zaituni, ndani ya nyumba yangu—" Kisha paka akatoka, kitenge kikaanguka, na shati likaonekana.

Alilijua kabla hajaligusa. Alikuwa amelinunua yeye. Akalitoa kikapuni, lina manyoya, lina madoa ya uji na ya usaha, akalishika kwa mikono miwili mbele ya uso wake. Nilingoja matusi. Mtu amlalishe paka mgonjwa kwenye shati la mtoto wa pekee wa mtu! Nilikuwa tayari kuyapokea yote. Akauliza tu, "Umeshalifua?"

"Eka. Sijalifua tangu aondoke."

"Usilifue."

Akaingia nalo chumbani kwake. Na paka, ambaye tangu azaliwe hakujua kitanda kingine, akalifuata shati lake nyuma, akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Nilingoja arushwe nje. Hakurushwa. Alfajiri Bi Mwamini alimkuta anakunywa kwenye birika lake la udhu. Nilimsikia akivuta pumzi ya kugomba, kisha akasema kwa uchungu, kama anayelipishwa, "Dini imesema si najisi," akatawadha kwa maji yale yale.

Nilikaa siku chache. Nilikwenda kwa kila aliyevuka, nikawauliza juu ya lori, juu ya mtu mrefu mwenye pengo la jino. Hakuna. Niliporudi jioni moja bila kitu, nilisimama uani kuvua viatu na nikasikia mtu anaongea ndani. Nikafikiri kuna mgeni. Alikuwa Bi Mwamini peke yake na paka. Alikuwa anamwambia kwamba Saidi alichelewa kutembea, kwamba akiwa mdogo alikula udongo wa ukutani, kwamba alikuwa anaogopa radi na kujificha ndani ya kapu la nguo. Mimi mke wake sikuyajua hayo. Paka alikohoa, na mama mkwe wangu, aliyekuwa haongei nami zaidi ya "leta" na "weka", akasema, "Pole, mama. Pole. Meza mate." Nilibaki nimeshika kiatu kimoja.

Niliondoka na lori la kwanza lililorudi. Nilikuwa na haki ya paka, na shati lilikuwa la mume wangu. Yule mama hakuwa na nguvu ya kunizuia, na alijua. Alikaa mlangoni ameshika kanga kifuani, paka nyuma ya visigino vyake, ananitazama ninafunga mkoba.

"Ungekaa hapa," alisema, kwa namna ya mtu anayetaka kukataliwa.

"Akirudi atafikia Gitega."

"Au hapa."

"Au hapa, ndiyo."

Akafikiri. "Basi mmoja akae kila upande. Akipita huku ataniona mi. Akipita kule atakuona we."

Nikachukua kikapu. Kilikuwa chepesi mno, na nikakiacha palepale mlangoni, maana ningefanya nini nacho? Sikuaga paka. Nilimwambia Bi Mwamini macho yafutwe kwa chai ya rangi iliyopoa, ndagala zisagwe, na wakati wa baridi alale mahali pa joto. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mama Sauda aliniona ninarudi mikono mitupu. Alinisogezea unga. Mvua zilikuja, zikaisha. Ugali ukaanza tena kuungua. Siku moja mchana tulikuwa barazani, msaidizi wa dereva mmoja toka Muyinga akasimama mbele ya karai akauliza ni nani Zaituni. Moyo wangu ulifanya jambo ambalo haulifanyi tena. Nikasema ni mimi.

"Iko mama mmoja kule anaitwa Bi Mwamini. Amesema nikwambie hivi: mwambie mwanangu paka hakohoi tena, na jicho limekauka, na jana amekamata panya mzima."

Kijiko cha kugeuzia kilibaki hewani. Mwanangu. "Rudia," nikamwambia. Akarudia, neno kwa neno, kijana mwangalifu.

"Na nini kingine?"

"Basi, dada. Ni hivyo tu."

Nilielewa. Angekuwa na habari ya Saidi, hata iwe mbovu namna gani, asingetuma habari ya paka. Mama Sauda alikuwa ananitazama. Nikachagua maandazi manne ya moto, nikayafunga kwenye karatasi, nikampa yule kijana ampelekee mama yangu Muyinga, na yale yaliyokuwa kwenye mafuta nikayageuza, maana upande mmoja ulikuwa umeshaiva.